Mfano wa Kifaru

Kiswahili kina neno ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kufundisha walimu, nalo ni neno mfano. Mwalimu akieleza kanuni kisha akaonyesha inavyofanya kazi, ametoa mfano. Fundi akichonga mtumbwi wa urefu wa shibiri moja, huo ni mfano wa mtumbwi. Na mzazi akimwambia mwanawe wa kwanza, "Uwe mfano kwa wadogo zako," neno ni lile lile. Chuoni nilikuwa nikiwaambia wanachuo kwamba muktadha ndio unaoamua, na kwa kazi ya darasani jibu hilo lilitosha. Halikunitosha nilipostaafu na kuanza kuunda mfano wa kifaru cha vita cha Wajerumani. Kitu kile kilikuwa mfano wa nini, na kwa nani?

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu asichokijua. Mwanangu anayefanya kazi ng'ambo aliniletea kisanduku, akijua kwamba mikono yangu haipendi kukaa bure. Maisha yangu yote nimetengeneza zana za kufundishia kwa makopo, waya, maboksi na udongo wa mfinyanzi. Kisanduku hiki kilikuwa cha aina nyingine. Kimetengenezwa Japani (nchi ambayo wazee wetu walipelekwa Burma kupigana nayo, dunia ina vichekesho vyake), na ndani yake mlikuwa na vipande mia kadhaa vya plastiki, vimeshikizwa kwenye fremu kama dagaa walionasa wavuni.

Kifaru chenyewe ni kile kilichoitwa Tiger. Cha kweli kilikuwa na uzito wa tani 57, kikibeba watu 5 na mzinga wa milimita 88, na bamba lake la mbele lilikuwa na unene wa milimita 100. Kiliingia vitani mwaka 1942, na kabla mwaka huo haujaisha baadhi yake vilikuwa vimeshushwa Tunisia, katika bara letu hili hili. Kimoja, chenye namba 131, kilitekwa na Waingereza mwezi Aprili 1943. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya Bovington huko Uingereza, na kilikarabatiwa hata injini yake ikanguruma tena. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiunda, kwa kipimo cha 1 kwa 35. Kwa kipimo hicho bamba la mbele halifiki milimita 3, na mtu mzima hafikii urefu wa kidole changu cha shahada.

Sitaficha kwamba kazi hii ni tamu. Chukua magurudumu peke yake. Kila upande una mihimili 8, na kila mhimili una magurudumu 3, yamepandiana kama magamba ya sato. Askari aliyetaka kubadili gurudumu la ndani alilazimika kufungua kwanza kadhaa ya nje. Na huko Urusi, matope yalipoganda usiku katikati yake, asubuhi kifaru kiligoma kwenda. Mimi niliyapachika kwa kibanio na gundi, moja moja, kwa siku nne, na siku hizo nne sikuisikia hata redio ya jirani. Kisha rangi. Kisha ikaja kazi ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kukichakaza, kwa kuwa kifaru kinachong'aa kama sufuria la dukani hakijawahi kwenda popote. Nilisaga chaki, ile ile ya ubaoni, nikaichanganya na vumbi la uani kwangu, nikaipaka kwa brashi kavu kwenye minyororo. Nikasugua unga wa penseli kwenye kingo, mahali ambapo buti za askari zilikuwa zikikanyaga wakati wa kupanda, ili chuma kionekane kimelika.

Hapo ndipo jirani yangu aliponikuta. Ni muuguzi mstaafu, na mtaa mzima tunamwita Sista. Mwaka 1979 aliwauguza majeruhi wa vita vya Kagera. Alikiangalia kifaru kwa muda mrefu, akanirudishia miwani yangu aliyoiazima ili aone vizuri, akasema, "Mwalimu, pipa la kuulia watu unalipamba kama bibi harusi."

Nilikuwa na majibu tayari, kama ilivyo desturi ya walimu. Nilimwambia kwamba kukijua kitu si kukisifu; kwamba mwalimu wa historia anayechora ramani ya vita hajawa jemadari; kwamba anayechora mbu ubaoni hasambazi malaria. Sista alicheka. Akasema mbu wa ubaoni hatumpi siku nne za magurudumu. Na hapo, lazima nikiri, alikuwa ameona mbali kuliko mimi. Maarifa hayadai upendo, lakini kazi ya mikono inaudai. Huwezi kuketi na kitu miezi miwili, ukakijua kila boliti, bila kuanza kukipenda. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti; lakini walikuwa wakimwonya anayenunua mkakasi. Anayeupaka rangi mkakasi hawakumwambia neno.

Nimejiuliza kama Sista angelalamika iwapo ningekuwa naunda mfano wa meli ya Liemba. Nadhani asingelalamika, ingawa Liemba nayo ilizaliwa Ujerumani. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa ndani ya masanduku hadi Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen na kufungwa mizinga ili iwapige Wabelgiji na Waingereza katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927, kwa miaka mingi, ikabeba mahindi, dagaa, wakimbizi na kina mama waliokwenda kujifungua kwao. Meli ile, naweza kusema, ilipewa nafasi ya kutubu. Kifaru hakina nafasi hiyo. Hakikuundwa ili kibebe chochote isipokuwa mzinga wake na watu wa kuufyatua. Ndiyo maana siwezi kujificha nyuma ya neno "chombo" na kusema chombo hakina kosa.

Waundaji wa mifano wana sheria moja wanayoiheshimu karibu kama dini: usahihi. Nitoe kisa kimoja. Kuanzia katikati ya mwaka 1943 hadi Septemba 1944, vifaru vya Kijerumani vilipakwa lipu yenye matuta madogo madogo, ili mabomu ya sumaku yasinate kwenye chuma. Mjuzi akiona lipu hiyo kwenye kifaru cha Tunisia atatikisa kichwa, kwa sababu vita vya Tunisia vilikwisha Mei 1943, kabla lipu haijaanza kupakwa. Kwake huo ni uongo. Namwelewa, na nimeona haya hiyo hiyo vidoleni mwangu nilipotaka kupachika kipande ambacho si cha mwaka wake. Lakini angalia jambo hili: mtu huyo huyo anayeona aibu kwa milimita moja ya lipu haoni aibu yoyote kunyamazia kwamba katika viwanda vya Henschel, mjini Kassel, ambako kifaru kile kiliundwa, walifanyishwa kazi watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zao. Kila boliti iko mahali pake, lakini mkono ulioikaza haumo. Mfano unaweza kuwa sahihi kabisa na bado usiseme kweli.

Kuna mtu mmoja ambaye sikuweza kumwondoa akilini nilipokuwa nikipiga msasa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe alitumikia jeshi hilo akiwa bado mtoto, katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin. Aliandikia watu vyakula mezani, akaigiza katika filamu, na jambo linalonigusa mimi zaidi, alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Lugha hii ninayoiandika hapa, yeye aliifundisha katika mji mkuu wa Hitler. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Kifaru hakikumgusa. Lakini kila siku ambayo vifaru vile vilimchelewesha adui wa Hitler, ilikuwa siku moja zaidi kwa lango la kambi kubaki limefungwa.

Je, hayo yote yanawezaje kuonekana katika plastiki? Mtu aliyewahi kunikaribia na jibu hakuwa fundi. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya kando ya ziwa. Vita vilikuwa karibu. Mwezi Machi ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilijaribu kupiga ghala la mafuta hapa Mwanza, ikakosa shabaha, na makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Watoto waliokuwa wamezoea kufinyanga ng'ombe wa udongo wakaanza kufinyanga vifaru. Mwalimu mwenzangu alitaka tuwakataze. Mimi niliona heri tuwaangalie kwanza. Vifaru vyao vilikuwa vibaya kweli kweli: tofali lenye kijiti. Mvulana mmoja alileta chake na kukiweka mezani kwangu, akasema, "Mwalimu, kifaru amefika."

Kwa sarufi, kifaru mnyama amefika, kifaru chombo kimefika. Ngeli ndiyo inayotenganisha kilicho na pumzi na kisicho nayo. Nikamuuliza kwa nini anasema amefika. Akanijibu, "Kaka yumo ndani." Kaka yake alikuwa jeshini, na miezi kadhaa nyumbani hawakuwa wamepata habari zake. Sikumsahihisha. Udongo ule haukuwa na hata gurudumu moja, wala tundu la kuchungulia. Ulikuwa tofali tupu. Lakini mtoto alijua jambo ambalo kisanduku changu cha Japani, pamoja na mamia ya vipande vyake, hakikuniambia: kwamba cha kwanza kuulizwa juu ya kifaru ni nani yumo ndani, na cha pili ni nani yuko mbele yake.

Hilo la pili nililijaribu mwenyewe. Sisi waundaji hukitazama kifaru kutoka juu, kama mwewe anavyotazama vifaranga, na kutoka huko kila kitu hupendeza. Jioni moja nilipiga magoti, japo magoti yangu hayana hamu tena ya kazi hiyo, nikaweka jicho usawa wa meza mbele ya mdomo wa mzinga. Ule utamu wote wa chaki na penseli ukaondoka. Nikabaki na kitundu kidogo cheusi kinachonitazama. Tangu siku hiyo kila mgeni anayekisifu namwomba ainame. Wengine hukataa, husema mgongo unauma.

Nimekimaliza, sikukitupa. Sista bado haridhiki, na sidhani kama ana wajibu wa kuridhika. Nimekiweka juu ya kibao cha mninga, na kwenye kibao, kama ilivyo desturi ya kazi hii, kuna maandishi: jina la kifaru, Tunisia, 1943. Chini yake nimeongeza mstari mmoja: Bayume Mohamed Husen, mwalimu wa Kiswahili. Wageni husoma mstari huo na kuniuliza kama huyo ndiye aliyekuwa dereva. Basi nawavutia kiti, namwomba mke wangu chai, na kuanza na Dar es Salaam, mwaka 1904.