Ukaguzi Kati ya Waliokuwa Nyumba Moja

Saa tano usiku ya tarehe 31 Desemba 2020, kwa saa za London, jibini ya Uingereza haikubadilika hata chembe. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe walewale, wa malisho yaleyale, na daktari wa mifugo aliyewapima hakuwa amesahau elimu yake tangu asubuhi. Hata hivyo, lori lililobeba jibini hiyo kwenda Calais baada ya usiku huo lilidaiwa vitu ambavyo malori ya aina yake hayakuwa yamedaiwa tangu Januari 1993: cheti cha afya chenye sahihi ya daktari, tamko la forodha, na maelezo ya mahali bidhaa ilikotoka. Mzigo ni uleule, anayeuelezea ni yuleyule, na anasema kweli. Kilichoondoka ni nini, basi? Wengi waliona usumbufu wa makaratasi, wengine wakaona adhabu waliyopewa Waingereza kwa kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mimi naona swali la maadili, tena la kale: je, kumdai cheti mtu uliyemwamini jana ni kumtukana?

Kiswahili chenyewe kinatupa pa kuanzia. Kuamini, imani, amana, mwaminifu na amani ni maneno ya mzizi mmoja, yaliyotufikia kutoka Kiarabu, na undugu wao si wa sauti tu. Amana ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine. Mwaminifu ni yule ambaye amana hutoka kwake kama ilivyoingia. Amani ni hali ya watu wanaopata usingizi huku vitu vyao viko kwa wenzao. Lakini ndani ya neno hilo la kuamini tunachanganya mambo mawili. Namwamini ndugu yangu kwa sababu naujua moyo wake. Mwenye duka la dawa nisiyemjua hata jina namwamini kwa sababu nyingine kabisa: akiniuzia chokaa badala ya dawa, yuko wa kutuita mimi na yeye, na sote wawili tutaitika. Kuamini huku kwa pili hakuhitaji mapenzi, kunahitaji mwamuzi mmoja. Soko la pamoja la Ulaya lilisimama juu yake. Mfaransa wa Lyon hakula jibini ya Kent kwa sababu anawapenda Waingereza. Aliila kwa sababu mkaguzi wa Kent na mkaguzi wa Lyon walifuata kanuni moja, na mmoja wao akizembea, serikali yake ingeweza kufikishwa mbele ya mahakama ileile ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg. Uingereza ilipojitoa, uhodari na ukweli wa mkaguzi wa Kent vilibaki kama vilivyokuwa. Kilichokatika ni njia ya kumwita aje ajibu. Neno lake likawa neno la mgeni, na mgeni, hata akiwa mtu mwema kabisa, huulizwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Ireland. Kisiwa hicho kiligawanywa mwaka 1921, na forodha ikaanza kazi mpakani tarehe 1 Aprili 1923. Mpaka wenyewe una urefu wa kilomita 500 hivi, unapita katikati ya mashamba ya watu, na barabara zaidi ya 200 zinaukata. Vizazi vilikua vikizijua njia za panya za kuvushia magendo: ng'ombe wakati wa vita vya ushuru kati ya London na Dublin, mwaka 1932 hadi 1938, kisha siagi, sukari na chai wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye vituo vya forodha viligeuka shabaha. Tarehe 22 Agosti 1972 bomu liliua watu 9 katika kituo cha Newry, wakiwemo waliolileta. Ukaguzi wa bidhaa uliondolewa mwaka 1993 lilipokuja soko la pamoja, na vizuizi vya jeshi vikafuata baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998, uliofunga miaka 30 ya mapigano yaliyoua watu wapatao 3,500. Kwa hiyo kura ya maoni ya Juni 2016 ilipoamua kujitoa kwa asilimia 51.9, huku asilimia 55.8 ya wapigakura wa Ireland ya Kaskazini wakitaka kubaki, hakuna serikali iliyothubutu kurudisha vituo vile. Makubaliano ya Oktoba 2019 yaliiacha Ireland ya Kaskazini ifuate kanuni za Ulaya kuhusu bidhaa, chini ya mahakama ya Luxembourg, na ukaguzi ukahamishiwa baharini, katika bandari za Larne, Belfast na Warrenpoint. Tazama basi kilichotokea. Kizuizi hakikufuata bendera wala pasipoti, kilimfuata mwamuzi. Penye mwamuzi mmoja kiliyeyuka, ingawa pande zile ni dola mbili. Penye waamuzi wawili kiliota, ingawa dola ni moja.

Kuna waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba haya yote yangeepukika kwa kamera, kompyuta na nia njema. Kamera husoma namba ya lori, lakini haisemi ng'ombe alidungwa dawa gani miezi mitatu kabla ya kuchinjwa. Habari hiyo lazima itoke kinywani mwa mtu, na mashine hubeba ushahidi wa mtu bila kuufanya uaminike zaidi. Kuhusu nia njema, Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Ulaya kufundishwa. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Wamaasai wa pande mbili za Namanga walikuwa na lugha moja na koo zilezile, na walioana kama walivyooana tangu mababu. Mapenzi hayakupungua. Kilichokufa ni chombo cha kuamua nani anamdai nani, na mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulikuja kutiwa sahihi Mei 1984 tu, baada ya usuluhishi mrefu.

Hapa vitabu vitakatifu vinaona mbali kuliko wanasiasa wengi. Katika sura ya 31 ya Mwanzo, Yakobo anaondoka kwa mkwewe Labani baada ya miaka 20 ya kuishi na kufanya kazi pamoja, akiwa na wake, watoto na mifugo, bila kuaga. Labani anamfuata siku saba, anamfikia katika milima ya Gileadi, na linalofuata ni ukaguzi hasa: anaingia hema moja baada ya jingine akitafuta miungu yake ya nyumbani iliyoibwa. Hapati kitu. Yakobo anawaka hasira ya mtu aliyepekuliwa mbele ya watu wake, na hasira hiyo ni ya kweli, kwa kuwa yeye si mwizi. Lakini miungu ilikuwamo msafarani. Raheli aliificha katika matandiko ya ngamia na kuikalia, na mumewe hakujua. Nadhani wahubiri hupita hapa haraka mno. Ukweli wa mkuu wa msafara hauthibitishi kilichomo ndani ya mizigo yake, kwa hiyo anayefungua mizigo si lazima awe anamwita mwongo. Kisha wawili hao wanarundika mawe yawe shahidi kati yao, wanaapa kwamba hakuna atakayelivuka rundo lile kwa ubaya, wanamwita Mungu wa baba zao awaamue, na wanakula chakula papo hapo. Walimwita Mungu kwa sababu tangu siku ile hapakuwa na mtu wa kuwaamua.

Kurani inalifikisha jambo hili hadi kwa karani. Aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni: awepo mwandishi, wawepo mashahidi, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa, kwa kuwa kufanya hivyo kunaondoa shaka. Biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa kuandikwa. Aya inayofuata inasema kwamba watu wakiaminiana, basi aliyeaminiwa airudishe amana. Maneno haya wanaambiwa waumini, watu ambao tayari wana kitabu kimoja na mwamuzi mmoja aliye juu yao. Ikiwa hata kati yao kalamu si tusi, sioni namna itakavyokuwa tusi kati ya dola mbili ambazo moja yake imesema waziwazi kwamba haitaki tena mwamuzi wa pamoja. Wazee waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakumlenga mwizi. Walijua hata mwaminifu husahau, hufa, na huacha warithi.

Sitetei kila muhuri. Ushuru umetumika mara nyingi kuwafukuza washindani, na ofisa mmoja mwenye tamaa anaweza kugeuza sheria nzuri kuwa mtego. Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na kipimo hicho sijui kingine kinachokizidi. Wala simlaumu anayejitoa. Taifa lina haki ya kutaka kujiamulia, na haki hiyo ni nzito. Kosa ninaloliona liko kwingine: kuwaahidi watu kwamba wanaweza kumkataa mwamuzi na bado wakaaminiwa bila kuulizwa. Novemba 2019 Boris Johnson aliwaambia wafanyabiashara wa Ireland ya Kaskazini kwamba wakidaiwa fomu wampigie simu waziri mkuu, naye atawaelekeza waitupe kwenye pipa la taka. Mkataba uliozileta fomu hizo alikuwa ameukubali mwenyewe mwezi mmoja kabla. Septemba 2020 waziri wake alikiri bungeni kwamba muswada mpya wa serikali ungevunja sheria ya kimataifa. Brussels nayo haikusalimika. Tarehe 29 Januari 2021, katika ugomvi wa chanjo za korona, Halmashauri ya Umoja wa Ulaya ilianza kukitumia kifungu cha dharura ambacho kingegusa mpaka uleule iliokuwa imeapa kuulinda, ikarudi nyuma usiku huohuo. Saa chache tu, lakini Belfast hawakuzisahau. Ukaguzi ulipowadia, watu walihisi wamesalitiwa, na hasira yao ikamwendea mwenye kalamu bandarini badala ya waliotoa ahadi. Februari 2021 wakaguzi wa Larne na Belfast waliondolewa kazini kwa muda kwa kuhofiwa usalama wao.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote linatoka kwa wanamuungano wa Ireland ya Kaskazini, wale wanaojihesabu Waingereza na wanaotaka kubaki chini ya London. Wanasema: sisi hatukutoka katika nyumba ya Uingereza, kwa nini basi mzigo unaotoka Liverpool ukaguliwe kama wa mgeni? Tena, kwa nini tutii kanuni zinazotungwa na bunge tusilolichagua? Februari 2022 chama chao kikuu kilijitoa katika serikali ya Ireland ya Kaskazini iliyoko Stormont, na serikali hiyo ikakaa imekufa miaka miwili. Siwezi kulipuuza dai hili. Linauma kwa sababu ni la haki: ukikaguliwa na ndugu yako, uchungu wake haufanani na ukaguzi wa jirani. Mpango wa Windsor wa Februari 2023 ulijaribu kuupoza kwa njia mbili, ya kijani kwa bidhaa zinazobaki Ireland ya Kaskazini na nyekundu kwa zinazoweza kuvuka kwenda Jamhuri. Anayepita njia ya kijani huitwa mfanyabiashara anayeaminika, na ili aitwe hivyo hujiandikisha, huonyesha kumbukumbu zake, na serikali yake huwaachia maofisa wa Brussels kuona takwimu za forodha mara zinapoingia. Hata hapo hakuaminiwa kwa neno tupu. Aliaminiwa kwa kukubali kuonekana. Jibu langu kwa wanamuungano haliondoi uchungu wao: mstari ungeweza kuwekwa kwenye barabara zile 200, au baharini, au usiwepo kabisa kama London ingekubali mwamuzi. Walinyimwa chaguo la tatu na serikali waliyoiamini wao wenyewe.

Chaguo hilo limeanza kurudi, kwa chakula angalau. Mei 2025 London na Brussels zilikubaliana kuelekea mkataba wa afya ya mifugo, mimea na vyakula, ambao utaifanya Uingereza ifuate kanuni za Ulaya kadiri zinavyobadilika na kuitambua mahakama ya Luxembourg kuwa na neno la mwisho kuhusu sheria za Ulaya, ili vyeti vingi viondoke. Wapo wanaouita usaliti wa kura ya 2016, na kwa hoja zao wenyewe hawakosei: sehemu ya walichokikataa inarejeshwa. Viatu, vipuri vya magari na nguo vitaendelea kujaziwa tamko la forodha, maana umoja wa forodha haumo katika makubaliano hayo. Lakini jibini, siku mkataba huo utakapoanza kazi, itavuka tena kwenda Calais bila daktari kuitilia sahihi.