Mali ya Wote ni ya Nani?

Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, liko daraja la mawe ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Zamani sana uji wa moto wa volkano ulipoa ukawa mwamba, na Mto Kiwira ukapita chini yake. Watu huliita Daraja la Mungu, nasi twaona waliliita vema. Katika Jiji la Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia chawafundisha vijana uhandisi. Yafaa iwe hivyo. Kwa maana mito ni mingi, na mahali pengi Mungu ametuachia sisi kazi ya kujenga na kutunza.

Sisi wa Mara twalijua jambo hili kila tunapovuka Kirumi, kati ya Musoma na Tarime. Lakini nchini mwetu si ajabu kusikia kwamba kingo za chuma za daraja fulani zimeng'olewa usiku, zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwizi hujitetea: "Ni mali ya Serikali, sikumwibia mtu."

Je, ni kweli kwamba kilicho cha wote si cha mtu? Hasha! Aibaye mbuzi amemkosea jirani mmoja. Aibaye ukingo wa daraja amemkosea mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku wa mvua, na dereva amchukuaye, na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Wala asiseme kwamba alichukua kipande kidogo. Chuma hupimwa kwenye mizani. Dhambi hii hupimwa kwa ajali iwezayo kufuata.

Tena Amri ya Saba haitimizwi kwa majuto peke yake. Mwenye kutubu huondolewa dhambi katika Kitubio, lakini ukingo haurudi mahali pake kwa maneno. Aliyeiba sharti arudishe, au alipe. Naye aliyenunua akijua, mzigo ni wake pia. Ndivyo Kanisa linavyofundisha.

Basi, ninyi wazazi, mtoto akileta nyumbani nati au bolti, msimwulize kwanza itauzwa shilingi ngapi. Mwulizeni ameitoa wapi; kisha mshikeni mkono, mkairudishe pamoja naye. Daraja la Rungwe lilifanyika bila sisi. La Kirumi halitadumu bila sisi.