Nani amefunga mvua?



Leo tunataka kuongea nanyi juu ya mvua. Mvua ya mwezi wa tisa haiaminiki tena. Inanyesha mara mbili, watu wanapanda karanga na mahindi, kisha jua linarudi na mbegu inakufa ardhini. Halafu mvua inakuja kwa hasira na kubeba udongo mpaka mtoni.

Na kila mara swali ni lile lile: nani amefunga mvua? Kwetu jina halikosekani. Mara nyingi ni la mzee asiye na watoto, au la mama mjane anayekaa mwisho wa kijiji. Katika mtaa mmoja wa kanisa letu mzee wa namna hiyo aliletwa kwenye maombi ya usiku ili mwonaji atamke. Nyumba yake ilikuwa imekwisha kubomolewa. Sisi mashemasi tuliokuwa pale tulinyamaza. Na sisi tunaoandika haya tulikuwa tumechoma pori mwezi wa saba, juu ya kuwinda panya na kusafisha shamba, moto ukaturuka na kula msitu mdogo wa chemchemi. Hakuna aliyetuuliza juu ya moto ule.

Wengine watajibu: lakini Elia alifunga mvua. Ni kweli, tusome 1 Wafalme 17. Elia alimwambia mfalme Ahabu uso kwa uso, kwa jina la Mungu, hakujificha. Na katika njaa ile nani alimlisha nabii? Mjane wa Sarepta, aliyebaki na unga kidogo tu. Sisi mjane wa namna ile tunamfukuza.

Ndugu zetu waliosoma wanasema: waacheni wazee, wenye kosa ni Wazungu. Hawa wako karibu zaidi na ukweli. Kwa zaidi ya miaka 150 viwanda vya Ulaya na Marekani, na sasa vya China pia, vimechoma makaa ya mawe na petroli, na moshi wake unazuia joto la jua lisitoke hewani. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na siku ikiyaachilia, inayamwaga kwa pamoja. Afrika nzima hutoa karibu sehemu 4 tu kwa 100 za moshi huo kila mwaka. Lakini mwezi wa 5, 2023, huko Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na matope siku moja, watu zaidi ya 400 wakafa. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika nyumba za Uvira na Kalemie. Maji ya ziwa lile hutokea Lukuga na kuingia Lualaba, mto huu huu tunaouvuka sisi.

Basi deni lipo, na anayedaiwa alipe. Hatutaona haya kulidai. Lakini msitu ule wa chemchemi haukuchomwa na mtu wa London. Na kama jina la Mzungu linatusaidia kulala, halina tofauti kubwa na jina la mzee yule.

(Wako pia wanaosema hizi ni dalili za mwisho, kazi gani kupanda miti? Hao hao tumewaona wakipanda muhogo, na muhogo hauvunwi kesho.)

Kwa nini basi watu hawabadiliki, hata wanaojua? Tusiwaite wakaidi haraka. Hapa Maniema amri za shamba zina historia. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha kilimo, na babu zetu walilima pamba kwa fimbo na kifungo. Mtu akija na karatasi kusema usichome, usikate, masikio yanasikia pamba. Na ya leo hayasaidii. Mwaka 2021 huko Glasgow nchi yetu iliahidiwa dola milioni 500 ili kulinda misitu; mwaka 2022 Kinshasa ikatangaza kuuza vipande vya ardhi kwa wachimba petroli, hata ndani ya misitu, ikafuta mnada ule mwaka 2024. Mkulima wa Kabambare amfuate nani? Na kijana anayesukuma kinga yenye magunia ya makala anadaiwa karo wiki hii. Chemchemi itakauka baada ya miaka. Tukimhubiri yeye, tunarudi nyumbani kupikia makala yake.

Tunawaambia tulichokiona. Mwaka uliofuata mvua ilichelewa tena, na jina la mzee likatajwa tena usiku wa maombi. Safari hii tulisimama kabla mwonaji hajafumbua mdomo, tukaomba wote waliochoma pori wainue mkono, tukaanza na wetu. Kwanza kimya. Kisha mikono ikapanda, hata ya kapita wa kijiji. Wamama walicheka, maana walikuwa wanajua siku zote.

Usiku ule tulikubaliana: moto uwashwe siku moja, jioni upepo ukitulia, baada ya kufyeka njia pana kuzunguka chemchemi, na faini iwapate wote, kapita na shemasi pamoja. Mipaka ya msitu wa zamani tulikuwa tumeisahau. Mzee ndiye aliyetuonyesha, mti kwa mti. Maji hayajarudi yote. Faini ya kwanza ilitupata sisi, kuku wawili, wakapikwa siku ya kufyeka, na mzee akala pamoja nasi.