Hesabu ya Dereva

Palikuwa na dereva mmoja wa daladala, njia ya Mbagala kwenda Kariakoo. Hakuwa mzembe. Kila alfajiri alifungua boneti akakagua oili, akaongeza maji kwenye rejeta. Yeye mwenyewe alitoka nyumbani koo kavu.

Sababu alikuwa nayo. Maji huleta mkojo, na choo cha kituoni ni cha kulipia, tena kina foleni. Ukishuka, zamu ya kupakia imekupita, na jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Basi asubuhi kikombe cha chai, mchana soda moja baridi, na jua la Februari linapenya kiooni hadi shati linagandia mgongoni. Mkojo ulipoiva rangi, alisema ni joto tu.

Joto lilikuwemo kweli. Lakini figo, ambazo kwa siku huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu, zilipoona maji hayaingii zilibana kila tone. Mkojo ukawa kidogo na mzito. Chumvi zikikosa maji ya kuziyeyusha huganda, chembe juu ya chembe, mpaka jiwe. Na jiwe laweza kukaa figoni kimya muda mrefu.

Lake lilishuka kwenye mrija wa mkojo akiwa katikati ya foleni ya Mtoni, abiria wamejaa hadi mlangoni. Maumivu yalianza ubavuni yakateremka hadi kinenani. Mtu mzima akaulalia usukani, jasho linamtiririka, anatapika. Konda akashusha abiria. Hospitali walikuta damu kwenye mkojo, na jiwe limeziba njia. Wakati wote alipokuwa akiugua, gari liliendeshwa na deiwaka, dereva wa muda.

Simlaumu. Mama anayeuza mboga peke yake sokoni anapiga hesabu ileile, na mlinzi getini pia. Ila figo hazikopeshi. Aliyewahi kupata jiwe hushauriwa anywe hadi akojoe kama lita mbili na nusu kwa siku. Sisi wengine tutazame rangi: njano hafifu ni salama, ikikolea kama chai tumechelewa kunywa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake.

Nanyi wenye magari, mwacheni dereva ashuke. Dakika tano za choo zihesabiwe kuwa sehemu ya kazi.