Dau Dogo na Jirani wa Mezani



Kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyesafiri kwenda Marekani kwa shughuli za kazi, alitujia na swali baada ya ibada. Siku yake ya mapumziko aliimalizia Las Vegas, katika chumba cha karata cha kasino moja, akicheza poka kwa dau dogo. Aliingia na dola 100, akatoka na 140. Hakulewa, hakukopa, wala hakumwibia mtu. Sasa anauliza: je, zile dola 40 aweza kuzitoa sadaka?

Tulitaka kumjibu papo hapo, lakini tukaona kwamba jibu la haraka halitamsaidia. Tena twajua kuwa wengi wetu tunalo swali kama lake, ingawa Las Vegas hatujafika. Basi na tulifikiri pamoja.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Katika jimbo la Nevada kamari imeruhusiwa tangu mwaka 1931, kwa hiyo kijana wetu hakuvunja sheria ya nchi. Poka inayochezwa sana huko hutumia karata 52. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi katikati ya meza, nazo ni za wote. Watu wawili hulazimika kuweka dau kabla karata hazijagawiwa. Kwenye meza ya dau dogo mmoja huweka dola 1 na wa pili dola 2. Halafu kila mtu kwa zamu yake hulifuata dau, au huliongeza, au huziacha karata zake. Mwenye karata bora hulichukua fungu lote. Au hulichukua yule aliyewatisha wenzake mpaka wote wakaacha, hata kama mkononi hana kitu.

Katika michezo mingine ya kasino mtu hushindana na mwenye nyumba. Katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao, na mwenye nyumba hujitolea sehemu yake katika mafungu yao. Tufanye hesabu. Tuseme watu tisa wameketi, kila mmoja na dola 100. Jumla ni dola 900. Tuseme karata zinagawiwa mara 30 kwa saa, na kila mara nyumba inachukua dola 3. Hizo ni dola 90 kwa saa. Kama hakuna anayeongeza fedha, baada ya saa 10 zile dola 900 zote zimekwisha kuingia katika sanduku la nyumba. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa hiyo ili mmoja atoke na faida baada ya siku nzima, ni lazima wengine wawe wamezama mifukoni mwao mara ya pili na ya tatu.

Hata hivyo tusiwaonee wachezaji. Wanazo hoja zao, nazo si za kipuuzi. Husema kwamba dola chache ni bei ya burudani, kama tiketi ya mpira. Husema kwamba poka yataka akili na subira, si bahati peke yake. Na hilo ni kweli. Husema pia kwamba kumtisha mwenzako kwa dau kubwa si uongo, kwa kuwa wote walioketi wameikubali desturi hiyo, kama mcheza mpira anavyomghilibu beki kwa kugeuza mwili. Na hilo nalo tunalipokea.

Wala Biblia haina amri inayotaja karata. Mathiya aliongezwa katika hesabu ya mitume kwa kura. Lakini kura zilipigwa pia chini ya Msalaba, askari wakigawana mavazi ya mtu anayekufa mbele yao. Kura peke yake, basi, haitupi jibu. Tutazame kura inapigwa juu ya nini, na nani yuko karibu akiumia.

Wazee wetu katika imani waliliona jambo hili. Kanuni ya 75 ya Kanisa la Uingereza, ya mwaka 1604, iliwakataza makasisi kupoteza siku zao kwa dado na karata. John Wesley, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana mpaka kufa kwake mwaka 1791, alikwenda mbali zaidi. Katika hotuba yake juu ya matumizi ya fedha, iliyochapishwa mwaka 1760, aliihesabu kamari miongoni mwa njia za kumdhuru jirani katika mali yake. Wesley hakuanza na karata, alianza na jirani. Nasi tunaona ndipo penyewe.

Kwa maana tulipomwuliza kijana wetu ni jambo gani hasa linalomsumbua, hakutaja karata. Alisema kwamba mbele yake aliketi mzee mmoja, mchezaji dhaifu, aliyekuwa akifuata kila dau. Fedha zake zilikwisha, akanunua nyingine. Zikaisha tena. Alipotoa mkoba wake mara ya tatu, hakuna aliyemwambia, “Mzee, pumzika.” Wote walinyamaza kwa adabu, na wote walifurahi. “Na mimi nilifurahi,” alisema. Furaha ile ndiyo aliyorudi nayo nyumbani, nayo haimpi raha.

Pengine yule mzee alikuwa tajiri, na alikuwa akilipia mazungumzo tu. Pengine ile ilikuwa kodi ya nyumba yake. Kijana wetu hakujua, na mezani pale si desturi kuuliza. Zaidi ya hayo, katika poka mchezaji akimhurumia rafiki yake kwa kusudi, akamwachia fungu, huhesabiwa kuwa amewadhulumu wengine. Huo ni uaminifu kwa mchezo, tunakubali. Katika mpira pia hatumwachii mpinzani goli. Lakini aliyefungwa katika mpira hurudi nyumbani na chakula chake cha jioni. Katika mchezo huu, chakula chake ndicho goli lenyewe. Mkristo aketipo mahali ambapo huruma ni kosa, na udhaifu wa mwenzake ni riziki yake, ajiulize ameketi wapi.

Hapo ndipo neno “dau dogo” linapotudanganya. Dogo kwa nani? Dola 40 kwa mmoja ni chai, kwa mwingine ni juma zima. Na tamaa haipimwi kwa ukubwa wa noti.

Wala tusimnyoshee kidole kijana huyu peke yake. Vijana wetu hapa wanaweka “mikeka” katika simu, na fedha ya mshindi yatoka mfukoni mwa wengi wasiomwona. Yeye angalau alimwona mzee wake. Na sisi wakubwa tumeuza tiketi za bahati nasibu kwa ajili ya paa la kanisa, bila kuuliza ni nani aliyenunua kumi akitumaini kushinda. Tujisahihishe.

Basi jibu letu ni hili. Hatumwambii kijana kwamba amelaaniwa kwa siku moja ya karata. Lakini tunamshauri asizitie zile dola 40 katika kapu la sadaka kana kwamba kapu husafisha fedha. Kumrudishia mzee hawezi, kwa kuwa hamjui. Na azipeleke kwa siri kwa mtu mwenye shida, jina lake lisitajwe. Kisha, ajapo kupiga magoti mezani pa Bwana, ambako hakuna ashibaye kwa hasara ya mwenzake, amkumbuke katika sala mzee yule asiyemjua jina.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila mmoja wetu, kwa karata au kwa biashara, anaye mzee wake aliyetoa mkoba mara ya tatu, naye akanyamaza kwa adabu. Mungu atupe neema ya kumwambia, “Mzee, pumzika,” hata ikitugharimu fungu lote.