Mgeni na Jembe

Watu kumi wenye kosa moja ni mtu mmoja. Mwaka 1785 Mfaransa Condorcet alionyesha kwa hesabu kwamba kundi linaloamua kwa wingi wa kura huzidi kuukaribia ukweli kadiri linavyokua, mradi kila mmoja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatia kuliko kukosea, na kila mmoja anaamua kwa akili yake. Sharti hilo la pili ndilo linalonishughulisha. Waliolelewa na kusomeshwa namna moja hukosea pamoja, na kwa kuwa wamekubaliana, hujiona wamepatia.

Joy Buolamwini, mtafiti mwenye wazazi wa Kighana, alikuwa katika chuo kikuu cha MIT alipokuta programu ya kutambua nyuso haiuoni uso wake mpaka avae kinyago cheupe. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima mifumo mitatu iliyokuwa sokoni. Katika kubaini jinsia, mifumo hiyo ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Picha zilizozoeleka kupimia kazi hiyo zilikuwa nyingi za watu weupe. Mtihani ulikuwa na upofu uleule wa mwanafunzi.

Aliyeliona kosa hilo ni yule asiyefanana na wengi. Hata hivyo, sura tofauti ofisini hazitoshi. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, kisha siku ya tatu tunampa jembe bila kumuuliza anauonaje udongo. Akiona mtaro unaelekea pabaya hunyamaza, maana yeye ndiye aliyekuja juzi. Ofisi ya namna hiyo ina watu wa kila aina na akili moja. Ni kweli kubishana kunachosha: vikao hurefuka, na mkongwe huumia kuulizwa sababu ya jambo alilolifanya miaka ishirini. Naamini usumbufu huo ndio kazi yenyewe.

Nina wasiwasi mwingine, mzito zaidi. Tukisema mwanamke au mwenye ulemavu aajiriwe kwa sababu ataongeza faida, tumemwekea sharti ambalo waliomtangulia hawakuwekewa. Wao waliruhusiwa kuwa wafanyakazi wa kawaida. Yeye lazima awe dawa. Haki ya Buolamwini kuonekana haikuanza siku alipofichua kosa. Angekuwa nayo hata kama angevaa kinyago chake akanyamaza.