Ukuta wa Namba 14

Trei za mayai hazizuii sauti. Ningeambiwa hivyo mapema, ningeokoa wiki mbili za kumbembeleza muuza smokie na mayai wa pale stejini aniwekee trei tupu, pamoja na aibu ya kupanda nazo ngazi hadi ghorofa ya nne watu wakidhani nimefungua biashara ya kuku. Nilibandika trei 43 ukutani, nikasimama katikati ya keja, nikapiga makofi. Mwangwi ulikuwa umepungua kidogo. Nikajiona prodyusa. Kisha mtoto wa namba 14 akakohoa, nami nikamsikia kana kwamba amelala kitandani kwangu.

Nilichokuwa sijui ni kitu rahisi. Kuna sauti inayogongagonga ndani ya chumba chako, na kuna sauti inayopita ukutani. Ile ya kwanza unaituliza kwa vitu laini na vinene: godoro lililosimamishwa, kabati lililojaa nguo, blanketi. Mablanketi mawili mazito ya Gikomba yalifanya kazi ambayo trei zote hazikuweza. Ile ya pili haijali ulaini. Hiyo inazuiwa na uzito, yaani jiwe, zege, ukuta mnene usio na pengo hata chini ya mlango. Na kati yangu na namba 14 hakuna ukuta wa kuitwa ukuta. Landilodi alichukua nyumba ya vyumba viwili, akaikata kwa mbao nyembamba, akazipaka rangi ya krimu, akapata bedsita mbili za kukodisha. Hapa Zimmerman hilo halishangazi mtu.

Pesa za studio nazo zilikuwa na hadithi yake, na nitaisema sasa kwa sababu itarudi. Mama alinitumia Sh42,000 za karo, muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu. Wakati huo nilikuwa nimeacha kuingia darasani miezi miwili, sikuwa nimemwambia mtu. Nilishuka Luthuli Avenue nikanunua intafesi iliyotumika, yenye matundu mawili, hedifoni, stendi, waya na maiki. Laptop nilikuwa nayo. Audacity nilipakua bure. Zilizobaki zilikwenda kwa tokeni za stima na unga.

Muuzaji alinionyesha maiki mbili. Moja ilikuwa dainamiki, aina ile ya wahubiri wa barabarani, ambayo inataka uikaribie mdomoni na haijisumbui sana na mambo ya mbali. Nyingine ilikuwa kondensa, ambayo inapewa volti 48 na intafesi ndipo ifanye kazi, na ambayo, kwa maneno yake, inasikia hadi ukimeza mate. Nikachukua hiyo. Nani asingechukua sikio kubwa zaidi? Ushauri wangu kwa anayeanza leo kwenye ploti kama yetu ni achukue dainamiki aende nyumbani kwa amani. Lakini basi nisingekuwa na la kuandika hapa.

Rafiki yangu anaimba, na sauti yake ni nzuri kuliko ujuzi wangu. Tulirekodi baada ya saa tano usiku, ploti ikishatulia, televisheni zimezimwa na keateka amefunga geti. Wimbo wake ni wa taratibu, na kati ya ubeti wa pili na kiitikio kuna kimya cha kama sekunde sita. Alikataa kabisa nikifupishe. Na kwa vile anaimba karibu kunong'ona, nilipandisha geini kupita kiasi. Tukarudia mara nne, akaenda zake.

Kesho yake nikavaa hedifoni nisafishe. Niliweka kompresa, ambayo inapunguza sauti pale inapopaa, halafu unainua yote kwa pamoja, kwa hivyo vile vilivyokuwa vidogo vinakuwa vikubwa. Pumzi zikawa kubwa. Mlio wa kiti ukawa mkubwa. Na ndani ya zile sekunde sita akatokea mwanamke anaongea na simu, upande wa pili wa mbao. Nilipata maneno mawili matatu tu. "Pesa za chama." "Jumapili."

Hapo ndipo ningevua hedifoni. Badala yake nilifungua zile rekodi nyingine tatu, nikatafuta kila pengo ambalo rafiki yangu alivuta pumzi, nikayainua, nikayasikiliza moja baada ya jingine. Ilinichukua karibu saa nzima. Nilipomaliza nilikuwa na hadithi kamili: mama wa namba 14 ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama wa ploti, pesa alizoshikilia ziliishia hospitalini kwa mtoto yule anayekohoa, mkutano ulikuwa Jumapili, na alikuwa akimwomba mtu fulani amkopeshe kabla ya siku hiyo.

(Namba 14 si namba yake. Amesomewa insha hii yote, na hilo ndilo sharti alilotoa. Chama nacho kimeshajua, kutoka kinywani mwake.)

Kwa siku kadhaa nilijitetea kwa hoja moja: mimi sikumtafuta. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Sawa. Lakini kwake sikuingia, wala simu yake sikuigusa. Sauti yake ndiyo iliyokuja kwangu, ikapita mbao za landilodi, ikakuta maiki yangu iko wazi. Ni kama moshi wa jirani kuingia dirishani.

Hoja hiyo ingesimama kama Kiswahili kingekuwa na neno moja tu. Tunasema nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia usingizi. Kusikia ni kitu kinachokupata, mwili wako unapokea kabla hujaulizwa. Lakini hakuna anayesikiliza njaa kwa bahati mbaya. Zile sekunde sita nilisikia. Ile saa nzima iliyofuata nilisikiliza, na kwa mitambo. Hiyo tofauti ya silabi chache ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu ilimaanisha kwamba siri ile sikuiokota njiani. Niliichimba.

Na ukishachimba siri, unafanya nini nayo? Nilikolelewa jibu ni kusitiri. Umeona aibu ya mwenzako, geuza uso, funika, pita. Stara ni neno zuri, na ninaamini lina kazi kubwa mahali ambapo watu 60 wanaishi juu ya ngazi moja. Bila stara hatungeweza hata kusalimiana asubuhi, kwa tunayoyajua usiku.

Tatizo ni mama chapo. Ana jiko lake pale chini kando ya geti, na kuna majuma ambayo nimeishi kwa chapati zake za deni. Jumapili hiyo mzunguko wa chama ulikuwa wake. Alikuwa ameniambia mwenyewe, akinihesabia vidoleni: Sh30,000, atanunua jiko la gesi lenye moto mara mbili aongeze na supu. Kila nilipochukua chapati nilikuwa najua kitu kuhusu pesa zake ambacho yeye hakujua. Nikimsitiri mmoja, ninamwacha mwingine atembee kuelekea shimo huku nikimtazama, mdomoni nina chapati yake.

Kabla sijaacha chuo nilisoma falsafa muhula mmoja, ile kozi ya lazima ya watu 300 ukumbini, na tulikalishwa sana kwa Immanuel Kant. Mwaka 1797 Kant aliandika kwamba hupaswi kudanganya hata muuaji anayekuuliza mlangoni rafiki yako amejificha wapi. Ukumbi mzima ulicheka. Baadaye nilikuja kusoma kwamba huyohuyo Kant, mwaka 1784, akiwa amehamia nyumba aliyonunua mjini Königsberg, alimwandikia meya kulalamika kuhusu wafungwa wa gereza la jirani walioimba nyimbo za dini kwa nguvu madirisha yakiwa wazi. Nikampenda kidogo. Manze, hata yeye alihitaji mablanketi ya Gikomba.

Lakini kanuni yake haikunisaidia, na nilichelewa kuona kwa nini. Muuaji wa Kant anabisha hodi na kuuliza swali. Mama chapo hakuniuliza kitu. Ningeweza kukaa mwaka mzima bila kumdanganya, nikimnyamazia tu, na mikono yangu ikabaki safi kwa hesabu ile. Kumbe mtu anaweza kuumizwa sana na watu ambao hawajawahi kumwambia uongo hata mmoja.

Sikuamua. Nataka niwe mkweli hapo, kwa sababu insha za namna hii hupenda kumpa mwandishi wake uamuzi. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Sikumwambia mama chapo, sikumgongea namba 14, sikutoa hata Sh500. Nilihariri wimbo.

Jumamosi jioni hodi ilibishwa. Alikuwa mama wa 14, mtoto mgongoni.

"Msanii, leo usiku mtaimba tena?"

Nikamwambia hapana, leo hatuna.

"Afadhali. Huyu hajalala vizuri." Akachungulia ndani, akatazama blanketi, maiki, stendi. Akauliza kama hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Nikasema ni kitu cha kando tu, masomo yakipungua. Akanitazama, si kwa ukali.

"Na ile CAT ya Jumatano uliyomwambia mamako, uliipita?"

Mama hupiga simu kila Jumatano jioni. Kila Jumatano humwambia kuhusu mhadhara, kuhusu foleni ya maktaba, kuhusu CAT. Jirani yangu hana maiki ya kondensa. Ana masikio tu, na mbao zilezile. Amekuwa akisikia CAT zisizokuwepo tangu nihamie, na anajua ninaamka saa ngapi na kwamba sijawahi kutoka na begi. Mwaka mzima hajaniuliza, wala hajamwambia mtu, nimeulizia baadaye. Sijui alikusudia nini kuniuliza usiku ule. Nilisema, "Ndiyo, nilipita," akasema, "Vizuri," akaenda.

Nilikaa chini nikafikiri kwamba hii basi ndiyo stara, yeye ameninyamazia nami nimemnyamazia, tuko sare. Wazo hilo lilinifariji kwa kama dakika kumi. Kisha nikamkumbuka anayelipa. Kimya changu kuhusu yeye kilikuwa kinalipwa na mama chapo. Kimya chake kuhusu mimi kilikuwa kinalipwa na mwanamke mmoja anayeuza mitumba sokoni Embu, anayetoa Sh42,000 kila muhula akidhani ananunua shahada. Tulikuwa tunapeana heshima kwa pesa za watu wengine.

Sisemi kwamba angempigia mama yangu. Akipiga atasema nini, na yeye ni nani kwake? Bado naona kwamba alinitendea wema, na nikisukumwa zaidi nitakubali kwamba alikuwa na haki zaidi ya kunyamaza kuliko mimi, kwa sababu yeye alisikia tu. Lakini sijui jina la wema ambao bili yake inapelekwa mlango mwingine.

Jumapili akina mama walikaa kando ya tangi la maji kama kawaida. Mama chapo alipewa Sh16,000 na ahadi. Jiko la gesi halikununuliwa, na kwa siku tatu hakufungua hata lile la makaa, kwa sababu pesa za unga wa ngano alikuwa amehesabu zitoke hapohapo. Siku ya nne nilipoenda, aliniambia kwa upole kwamba deni limesimama kwanza, kuna watu hawajamlipa. Sikula chapati mwezi ule. Baki yake aliipata yote mwezi wa nne. Sijui ingekuwaje kama angejua tangu Jumatatu. Pengine angegombana, pengine angepanga unga wake mapema.

Wimbo ulitoka. Zile sekunde sita ziko palepale, ila nilikata sauti ya jirani. Ukikata hivi hivi, pengo linabaki kama kifo, sikio linashtuka, kwa hivyo kazi huwa ni kuchukua kipande cha kimya cha chumba chenyewe kutoka mahali pengine na kukibandika. Nilipata kipande kizuri mwanzoni kabisa, kabla rafiki yangu hajaanza. Zile rekodi tatu nyingine nilizifuta, na pipa la laptop nikalimwaga.

Mablanketi bado yako ukutani. Kwa muda, Mama akipiga, nilikuwa napanda juu kabisa kwenye kamba za nguo nikaongelee huko, ili namba 14 asisikie. Ilinichukua wiki kadhaa kuona kwamba nilichokuwa nimebadilisha ni chumba cha kudanganyia.

Mama hasomi majarida ya mtandaoni. Binamu zangu wanasoma hili. Mhariri ameniambia insha itatoka Ijumaa, na Mama hupiga Jumatano.